Kati ya Kunakili na Insha: Kisa cha Darasa la Sita Mkoani Mara

Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi Tanzania, karatasi ya Kiswahili ina sehemu inayoitwa utungaji. Mtoto anapewa sentensi nne zilizovurugwa, anatakiwa azipange ziwe na mtiririko wenye mantiki kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Sentensi yenyewe hatungi hata moja. Zimeshatungwa na mtu mzima, zina herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni, na yeye kazi yake ni kujua ipi inatangulia. Tangu mwaka 2012, Baraza la Mitihani lilipoanza kutumia fomu zinazosahihishwa kwa mashine, sehemu kubwa ya mtihani huo imekuwa ni kuchagua herufi na kuiwekea kivuli.

Naanza na mtihani kwa sababu bila huo kisa chenyewe kitaonekana kama uzembe wa mwalimu fulani, na hakikuwa hivyo.

Shule ni ya serikali, ipo kando ya Ziwa Victoria. Darasa ni la sita, mkondo mmoja wenye watoto wanaokaribia tisini, watatu au wanne kwa dawati. Aliyelileta tatizo kwenye Jumuiya ya Ujifunzaji, yale mazungumzo ya walimu shuleni yaliyo chini ya mpango wa mafunzo endelevu kazini, MEWAKA, hakuwa mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa mwalimu wa sayansi. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: "Hawa watoto wanajua, ila hawaandiki."

Alikuwa amewafanyisha jaribio linalojulikana. Kipande cha nyasi nyuma ya jiko la shule kilifunikwa kwa ndoo kuukuu, kikaachwa siku kadhaa, kisha kikafunuliwa. Nyasi zilikuwa zimepauka na kuwa njano. Akauliza darasani kwa nini, mikono ikajaa hewani, na majibu ya mdomo yalikuwa mazuri: majani yamekosa jua, hayawezi kujitengenezea chakula, yamedhoofu. Swali lilelile alipoliandika ubaoni lijibiwe kwenye daftari, akapata aina mbili za majibu. Wengine waliandika neno moja, "Mwanga" au "Ndoo". Wengine walifungua kurasa za nyuma wakanakili maana ya usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, neno kwa neno, ambayo haikujibu swali lakini ilikuwa na mwandiko mzuri sana.

Tulipoyapitia madaftari yao tukaona jambo ambalo kila mwalimu wa shule za kwetu amelizoea kiasi cha kutoliona tena. Nukuu zilikuwa safi. Vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula, herufi zimesimama sawasawa, nukta na mikato ipo mahali pake. Mtu kutoka nje angeapa kwamba hili ni darasa linalojua kuandika. Lakini kila sentensi iliyonyooka ilikuwa imetoka ubaoni. Sentensi ya mtoto mwenyewe tulikuwa tunaikuta kwenye insha tu, na insha walikuwa wamepewa chache mno, kwa sababu kusahihisha insha tisini kunamaliza Jumamosi na Jumapili ya mtu.

Hii hapa ni moja ya insha hizo, kama ilivyoandikwa. Aliyeiandika ni mvulana wa katikati ya darasa, si wa mwisho:

"siku ya juma mosi niri kwenda ziwani na kaka yangu tuka panda mtumbwi alafu tuka tupa wavu alafu tuka ngoja alafu tuka vuta tuka pata sato mkubwa alafu wavu uka chanika alafu tuka rudi nyumbani mama aka pika alafu tukara alafu tuka rara"

Ilikuwa imesahihishwa. Karibu kila neno limezungushiwa wino mwekundu, na chini yake pameandikwa: "Rudia kwa usahihi." Naye alikuwa ametii. Katika marudio, "niri kwenda" imekuwa "nilikwenda", "alafu" ya kwanza imepata h, "juma mosi" imeunganishwa. Mengine yote yako vilevile. Alirekebisha alichofikia kabla ya kengele.

Kwenye kikao tulibishana kuhusu kipande hiki kwa muda mrefu, na ubishi ule ndio uliozaa kila kitu kilichofuata. Madamu wa Kiswahili alisema tatizo ni msingi wa sarufi, turudi kwenye aina za maneno na ngeli. Mwalimu mmoja mzee alisema ni lugha ya nyumbani: mtoto anayesema "kurara" ataandika "kurara", dawa yake ni imla kila siku. Mwalimu wa taaluma alitaka kujua tu kama hili litaathiri matokeo ya mock, yaani mtihani wa majaribio kabla ya ule wa taifa.

Mimi nilikuwa upande mwingine, na bado nipo hapo. Hoja ya sarufi inaanguka ukiangalia daftari la mvulana yuleyule: kwenye mazoezi ya ngeli anapata nane, tisa juu ya kumi. Anajua kwamba "mtumbwi" na "mitumbwi" ni U-I, ila ujuzi huo haushuki mkononi anapoandika habari zake. Na hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani Steve Graham na Dolores Perin walikusanya tafiti kuhusu kufundisha uandishi kwa wanafunzi wa darasa la 4 hadi la 12. Mafunzo ya kuunganisha sentensi fupi kuwa sentensi iliyokomaa yaliinua uandishi kwa wastani wa 0.50 katika kipimo chao cha ukubwa wa athari. Kufundisha sarufi peke yake kulitoka hasi, 0.32 chini ya sifuri. Kiingereza si Kiswahili, na sitaki kuzibebesha namba hizo mzigo usio wake, lakini mwelekeo wake ni uleule tulioukuta kwenye daftari la yule mvulana.

Hoja ya r na l ina ukweli, ila imekaa mahali pasipo pake. Ukimrekebishia mtoto r zote, bado utabaki na sentensi moja ya maneno zaidi ya thelathini isiyo na nukta. Msomaji anaelewa "tuka rara" bila shida. Asichokipata ni kwa nini wavu ulichanika.

Sasa tazama kile ambacho mtoto anakiweza. Matukio yako kwenye mpangilio, hakuna lililorukwa. Chombo chake ni "-ka-", na Kiswahili kimempa chombo hicho bure, nyumbani, kabla hajaanza shule. Akasema, akaenda, akarudi: kiambishi kimoja kinabeba hadithi yote kutoka mwanzo hadi mwisho, na masikioni ni kitamu. Shida yake ni kwamba "-ka-" inajua mfuatano tu. Haisemi lipi limesababisha lipi, lipi limetokea kinyume cha matarajio, lipi lilikuwa likiendelea wakati lingine linatokea. Sato alikuwa mkubwa, na wavu ukachanika. Sisi watu wazima tunaweka "kwa sababu" kichwani mwetu tukisoma. Mtoto hakuiandika. Akifika kwenye swali la sayansi linaloanza na "Eleza kwa nini", "-ka-" haimsaidii tena, na chombo kingine hana. Ndiyo maana anaandika neno moja, au ananakili. Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuonyesha ugonjwa wa somo la Kiswahili.

Basi tukakubaliana tuache insha kwa muhula mzima na tufundishe sentensi. Madamu wa Kiswahili alikubali kwa shingo upande, akasisitiza imla ibaki mara moja kwa wiki, na ikabaki.

Kazi ya kwanza ilikuwa mpaka wa sentensi. Watoto waliandikiwa ubaoni mafungu ya maneno wakaulizwa: hii imekamilika? "Mvua ilipoanza kunyesha." "Wavuvi wote wa kijijini." "Tulikimbia." Wengi walisema ya kwanza imekamilika kwa sababu ni ndefu na ina nukta, na ya tatu haijakamilika kwa sababu ni neno moja. Hapo ndipo mwalimu anapofurahi kufundisha Kiswahili, maana "Tulikimbia" ni sentensi kamili yenye mtenda na tendo ndani ya neno moja, na mtoto akishaliona hilo hasahau. Halafu walipewa mafungu yasiyokamilika wayakamilishe kwa maneno yao. "Mvua ilipoanza kunyesha, tuliingiza dagaa ndani." Nukta ikaanza kuwa na sababu ya kuwepo.

Tatizo la kukata vitenzi, "tuka panda", "aka pika", lilipata dawa ndogo ambayo sikuitegemea ingefanya kazi haraka kiasi kile. Mtoto anaambiwa ajaribu kuchomeka neno lingine katikati. Unaweza kusema "tuka jana panda"? Darasa linacheka. Basi hapo hapana nafasi, ni neno moja. Unaweza kusema "kwenda haraka ziwani"? Ndiyo, basi hapo pana nafasi. Baada ya muda walikuwa wanasahihishana wenyewe dawatini kwa kuchomeka maneno ya ajabu ajabu. (Watu wazima wanaoandika "nime fika" kwenye simu wangefaidika na mchezo huo pia, lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Kazi ya pili ndiyo iliyochukua muda mrefu, na ndiyo ningemshauri mwalimu aifanye kama ana nafasi ya jambo moja tu. Shina moja la sentensi linaandikwa ubaoni mara tatu, na kila mara linafuatwa na kiunganishi tofauti:

Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani usiku wa mbalamwezi kwa sababu…
Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani usiku wa mbalamwezi lakini…
Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani usiku wa mbalamwezi kwa hiyo…

Shina lilichaguliwa makusudi. Kila mtoto wa pale anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu. Hatukutaka ukosefu wa maarifa uchanganywe na ukosefu wa sentensi. "Kwa sababu" waliipata haraka: kwa sababu taa zao hazionekani, kwa sababu dagaa hawakusanyiki. "Kwa hiyo" ilitoa majibu ambayo hata sisi tulijifunza kitu: kwa hiyo bei ya dagaa inapanda, kwa hiyo baba anashona nyavu, kwa hiyo watu wa mwaloni (pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa) hawana hela.

"Lakini" iliwaangusha. Nusu ya darasa waliandika "lakini kuna mwanga", ambayo ni "kwa sababu" iliyovaa nguo isiyo yake. Mwalimu hakuwapa maana ya kiunganishi. Aliuliza: ukiambiwa wavuvi wa dagaa hawaendi, unategemea nini sokoni? Wakajibu, hakuna samaki. Na je, ni kweli hakuna? Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema wa sangara wanaenda. "Basi andika hivyo." Akaandika: "Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani usiku wa mbalamwezi lakini wa sangara wanaingia." Sentensi hiyo ilikaa ubaoni wiki nzima. Hoja ikaeleweka: "lakini" huja pale ambapo msomaji alishaanza kutegemea kitu na wewe unamgeuzia.

Baadaye ikaja "ingawa", ngumu kuliko zote kwa kuwa inataka mtoto aione sehemu ya pili ya sentensi kabla hajaandika ya kwanza. Walimu wa shule ya sekondari ya New Dorp, Staten Island, jijini New York, walipochunguza kwa nini wanafunzi wao hawaandiki, walikuta jambo hilohilo: wanafunzi dhaifu hawakuweza kukamilisha sentensi inayoanza na neno lao la "ingawa". Walirudi kwenye sentensi katika karibu kila somo, na waliofaulu mtihani wa jimbo wa Kiingereza wakapanda kutoka asilimia 67 mwaka 2009 hadi 89 mwaka 2011. Wale walikuwa vijana wa sekondari. Kwetu ni vizuri zaidi kuanza nalo kabla mtoto hajaondoka shule ya msingi.

Kuunganisha sentensi kulikwenda pamoja na hayo. Sentensi tatu fupi: Sato alikuwa mkubwa. Tulimvua sato. Wavu ulichanika. Zifanye moja. Hapa ndipo "-ye-" ya urejeshi na "-lipo-" zilipoingia bila kutajwa kwa majina yao: "Wavu ulichanika kwa sababu sato tuliyemvua alikuwa mkubwa." Mwingine: "Tulipomvuta sato mkubwa, wavu ulichanika." Zote mbili sahihi, na darasa lilijadili ipi inaonyesha sababu na ipi inaonyesha wakati. Sijawahi kuona somo la sarufi likijadiliwa na watoto kwa moto kama ule.

Kuhusu aya sina mengi. Walifundishwa kuandika sentensi kuu, kuorodhesha mambo matatu kwa maneno mawili mawili tu, kisha kugeuza kila jambo kuwa sentensi. Ilichukua vipindi vichache kwa sababu sentensi zilikuwa tayari zipo.

Usahihishaji ulibadilika, na bila hilo mpango wote ungekufa wiki ya pili. Mwalimu mmoja hawezi kusahihisha kila kitu cha watoto tisini. Walikubaliana jambo moja kwa wiki: wiki hii ni nukta na herufi kubwa tu, r na l zinapita bila kuguswa. Badala ya kubeba madaftari nyumbani, mwalimu alipita katikati ya madawati, akachukua sentensi nne au tano, akaziandika ubaoni bila jina, na darasa likazirekebisha pamoja. Wazazi wawili watatu waliona makosa yameachwa bila wino mwekundu wakaja kuuliza kama mwalimu anafundisha kweli. Mwalimu mkuu aliwaeleza. Sina hakika kama waliridhika.

Hayakwenda sawa yote. Wapo watoto wachache ambao tatizo lao halikuwa sentensi: hawakuweza kusoma shina lililoko ubaoni. Walifika darasa la sita wakinakili maumbo ya herufi. Mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliweka nguvu kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) kwa sababu kama hizi, lakini aliyepita bila kuzipata hawezi kuokolewa na viunganishi. Hao walihitaji mwalimu wa KKK na muda wao peke yao, na mpaka namaliza kuandika haya wanaupata kwa kubahatisha. Kisha kulikuwa na ulevi wa "kwa hiyo". Walipoona inasifiwa, waliitia kila mahali: "Ninaitwa fulani kwa hiyo ninasoma darasa la sita." Ilibidi waanze kuulizwa swali la pili: je, la kwanza ndilo limeleta la pili?

Mtu anaweza kusema dawa rahisi ni kuweka insha kwenye mtihani. Kenya walikuwa nayo. Katika KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi uliodumu kutoka 1985 hadi 2023, insha ya Kiswahili ilikuwa na dakika 40 na alama 40, na mara nyingi mtoto alipewa sentensi ya kuanzia au ya kumalizia. Ilifanya watoto waandike, hilo halina ubishi, na wengi waliandika vizuri kuliko wetu. Lakini ilizaa pia soko la mapambo: mianzo ya kukariri kuhusu jua kuchomoza na ndege kuimba, methali tano za kupachikwa popote, misamiati ya kuonyesha ukwasi wa lugha. Mtoto anaweza kukariri pambo bila kuweza kueleza kwa nini nyasi zimepauka. Mtihani unalazimisha uandishi, haufundishi. Kati ya kunakili na insha kuna ngazi, na sisi huku tumeiruka kwa kutoandika, wenzetu wakairuka kwa kukariri.

Mvulana wa sato aliandika tena habari yake mwishoni mwa muhula, bila kuonyeshwa ile ya kwanza:

"Siku ya Jumamosi nilikwenda ziwani na kaka yangu. Tulitupa wavu tukangoja sana lakini hatukupata kitu. Tulipotaka kurudi wavu ukawa mzito. Kaka alivuta kwa nguvu kwa sababu alifikiri ni jiwe. Kumbe ni sato. Wavu ulichanika kwa hiyo kesho yake baba hakuingia ziwani, alishona. Mama alipika tukara."

R imebaki pale mwishoni. Mwalimu mzee aliionyesha kwa kidole, akasema nilijua. Mimi niliitazama "kumbe ni sato", ambayo hakuna aliyemfundisha, na ile kwamba kungoja bila kupata kitu hakukuwamo kabisa katika habari ya kwanza. Kilikuwepo kichwani tangu siku ile, ila "alafu" haikuwa na mahali pa kukiweka.

Mwalimu wa sayansi amerudia swali la ndoo. Majibu ya neno moja yamepungua sana, ya kunakili yamepungua kidogo. Mwalimu wa taaluma ameruhusu sentensi za viunganishi ziingizwe kwenye majaribio ya kila mwezi ya sayansi na jiografia, alama chache tu, ila amekataa kuziweka kwenye mock kwa sababu mock lazima ifanane na mtihani wa taifa. Sera mpya inaifupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, kwa hiyo mwalimu wa darasa la nne ameombwa aanze na mpaka wa sentensi. Ameomba kwanza apunguziwe vipindi, na mwalimu mkuu bado hajamjibu.